Je, Wajua? Jina la Mlangoni Si Jina la Mwenye Mashine

Tarehe 30 Juni 1911, tanuru la kampuni ya migodi ya Union Minière kando ya mto Lubumbashi lilimimina shaba yake ya kwanza. Tarehe 11 Novemba mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, Louis Upton na jamaa zake walifungua kampuni ndogo ya kuunda mashine za kufulia zinazoendeshwa na mota ya umeme. Kampuni hiyo ndiyo inayoitwa leo Whirlpool. Watu wa kule na watu wa huku hawakujuana, ila kazi zao zilihitajiana tangu siku ya kwanza, kwa sababu mota ya umeme ni chuma kilichozungushiwa waya, na waya huo ni shaba. Kwa hiyo mkaaji wa Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi, anapouliza habari za mashine ya kufulia, anauliza kama mtu anayeulizia ndugu aliyehama zamani: ameolewa wapi, anakaa kwa nani, na sasa anaitwa nani.

Majibu yake yanashangaza, maana ndugu huyu amebadilisha kwao mara nyingi.

Je, wajua kwamba Defy ni mali ya Waturuki?

Vyombo vingi vya umeme vinavyouzwa Lubumbashi hupanda kutoka Afrika Kusini, vikapita Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Moja ya majina makubwa ya Afrika Kusini ni Defy, iliyoanzishwa Durban mwaka 1905, miaka mitano kabla ya mji wetu kuzaliwa. Watu huiita mashine ya kwao Afrika Kusini, na kweli viwanda vyake viko kule na wafanyakazi wake ni wa kule. Lakini tangu mwaka 2011 mwenye mali ni Arçelik ya Uturuki, kampuni ya ukoo wa Koç.

Arçelik ilizaliwa Istanbul mwaka 1955 na kutengeneza mashine ya kwanza ya kufulia ya Uturuki mwaka 1959. Siku hizi hujitambulisha duniani kwa jina la Beko, lililounganishwa kutoka majina ya wafanyabiashara wawili, Bejerano na Koç. Na Beko haikuishia Durban. Tarehe 1 Aprili 2024 ilichukua biashara ya Whirlpool ya Ulaya nzima: katika kampuni mpya iliyoundwa siku hiyo, Waturuki wana asilimia 75 na Wamarekani wana 25. Maana yake ni kwamba mashine mpya yenye jina la Whirlpool inayotoka kwenye kiwanda cha Ulaya, na mashine ya Defy inayotoka kusini, zina baba mmoja, ingawa madukani husimama upande kwa upande kama wapinzani na muuzaji hukuambia hii ni ya Wazungu na ile ni ya Waafrika.

Whirlpool yenyewe ilikuwa imejikusanyia majina ya wengine kabla ya hapo. Mwaka 1989 iliingia katika vyombo vya nyumbani vya Philips ya Uholanzi, na miaka miwili baadaye ikavichukua vyote. Mwaka 2006 ilimnunua Maytag, mpinzani wake mkubwa wa Marekani, na mwaka uliofuata kiwanda cha Maytag kule Newton, Iowa, kikafungwa. Mwaka 2014 ikamnunua Indesit wa Italia. Miaka 10 tu ikapita, na sehemu yote ya Ulaya ikaenda kwa Beko.

Je, wajua kwamba Hotpoint ni watu watatu tofauti?

Hili ndilo linalonisumbua zaidi kila ninaposikia mtu akisema "mimi naamini Hotpoint tu". Hotpoint ipi? Jina lilianzia Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye pasi ya umeme iliyopata moto hadi kwenye ncha, ili mama aweze kunyoosha vifungo na kola. Baadaye likaingia mikononi mwa General Electric. Uingereza nako likakua kivyake. Leo, kwa Marekani, Hotpoint ni ya GE Appliances, na GE Appliances ilinunuliwa mwaka 2016 na Haier ya China kwa zaidi ya dola bilioni 5. Kwa Ulaya, Hotpoint ilikwenda kwa Indesit, ikapita kwa Whirlpool, na sasa iko kwa Beko. Ukivuka hadi Kenya, utakuta Hotpoint ni kampuni ya maduka ya Nairobi inayouza vyombo vya makampuni mbalimbali, pamoja na chapa yake yenyewe, Von. Jina moja, na wenyewe watatu ambao hawashirikiani hata skrubu.

Sabuni nayo iko hivyohivyo. Persil ilitolewa na Henkel ya Ujerumani mwaka 1907. Ukiinunua Ujerumani au Ubelgiji, unampa pesa Henkel. Ukiinunua Uingereza au Ufaransa, unampa pesa Unilever, ambayo ni mpinzani wa Henkel. Ndugu zetu walioko Brussels na wale walioko Paris wanafulia Persil mbili tofauti.

Inawezekanaje? Kwa sheria, jina la bidhaa ni mali inayojitegemea, kama parseli yenye hati. Kiwanda kinaweza kuuzwa kwa mmoja na jina kwa mwingine. Jina linaweza kukatwa kwa nchi: hili la Ulaya, lile la Amerika. Linaweza hata kukodishwa. Tazama Siemens. Mwaka 1967 Bosch na Siemens waliunda kampuni ya pamoja ya vyombo vya nyumbani, kila mmoja nusu. Mwanzoni mwa 2015 Siemens aliuza nusu yake kwa Bosch kwa euro bilioni 3. Mashine za Siemens zinaendelea kutoka kiwandani, zenye jina lilelile, lakini mwenye kiwanda ni Bosch, naye hutumia jina hilo kwa idhini.

Kuna na wale wanaouza bila kuunda chochote. Kwa miongo mingi Wamarekani walinunua mashine za Kenmore kwenye maduka ya Sears, na Kenmore haikuwa na kiwanda hata siku moja. Mashine zake nyingi ziliundwa na haohao Whirlpool. Tangu siku za Upton, Sears ndiye aliyekuwa mnunuzi wao mkubwa.

Wengine nitawapitia haraka. Vyombo vya nyumbani vya AEG ya Ujerumani vimekuwa vya Electrolux ya Sweden tangu 1994, na Zanussi ya Italia tangu 1984. Hoover ya Ulaya ilichukuliwa na Candy ya Italia mwaka 1995, kisha Candy mwenyewe akachukuliwa na Haier mwaka 2019. Vyombo vya nyumbani vya Toshiba viko kwa Midea ya China tangu 2016. Gorenje ya Slovenia iko kwa Hisense ya China tangu 2018. Mashine za Sanyo zilikwenda kwa Haier. Sharp iko kwa Foxconn ya Taiwan. Ukitaka kampuni ambayo haijauzwa kwa mtu, iko Miele ya Ujerumani: ilianzishwa mwaka 1899 na Carl Miele na Reinhard Zinkann, na hadi leo iko mikononi mwa familia hizo mbili.

Afrika nayo ilinunua. Mwaka 2014 Cevital ya Algeria ilichukua Brandt ya Ufaransa, baada ya mwenye Brandt, ushirika wa Fagor wa Wabaski, kufilisika mwaka uliotangulia. Misri ina viwanda vya mashine za kufulia vinavyouza ndani na nje. Hadithi ya kwamba mtu mweusi au Mwarabu wa bara hili ni mnunuzi tu si kweli.

Je, wajua kwamba mashine za kufulia zilivaliwa na Juventus, Real Madrid na Liverpool?

Kamalondo ni mtaa wa mpira. Uwanja wa TP Mazembe uko hapa tangu 2011, kwa hiyo habari hii ni ya kwenu. Jezi za klabu kubwa za Ulaya zilipoanza kubeba matangazo kifuani, watengenezaji wa mashine za kufulia walikuwa mstari wa mbele. Juventus, walio weusi na weupe kama Mazembe, walivaa jina la Ariston kuanzia 1981 hadi 1989. Ariston ilikuwa chapa ya ukoo wa Merloni, haohao wa Indesit. Real Madrid walipoweka jina la mfadhili kifuani kwa mara ya kwanza, mwaka 1982, lilikuwa Zanussi. Liverpool walicheza na Candy kifuani kutoka 1988 hadi 1992.

Kulikuwa na hesabu nyuma yake. Miaka ya 1960 na 1970 Italia ilikuwa imegeuka kiwanda kikuu cha vyombo vya nyumbani cha Ulaya. Mashine zilijaa maghalani, bei ikashuka, na kila kiwanda kikatafuta namna ya kujulikana kwa watu ambao hawasomi magazeti ya vyombo. Walivyofika kwenye jezi, safari ya kuuzwa ilikuwa imeshaanza. Mashine za Ariston, Zanussi na Candy, zote tatu, zimekwisha kunyakuliwa na makampuni ya nje ya Italia.

Walikotoka kabla ya kufua

Karibu hakuna kampuni iliyozaliwa kwa kufua nguo. Miele walianza na mashine za kutenganisha maziwa na malai, kisha vyombo vya kusukia siagi. Waligundua kwamba pipa la kusukia siagi, lenye mti unaokorogakoroga ndani, ni karibu sawa na pipa la kusukasuka nguo. Frederick Maytag, mwaka 1893, alikuwa anauza vifaa vya kulisha mashine za kupurea nafaka. Biashara ile ilikuwa ya msimu, wafanyakazi wakikaa bure miezi mingine, na ndiyo sababu mwaka 1907 akaingiza mashine ya kufulia ya kuzungushwa kwa mkono. Edgar Brandt alifua vyuma vya mapambo na kuunda mizinga midogo ya kijeshi. Aristide Merloni aliunda mizani. Midea ilianza mwaka 1968 kwa kutengeneza vifuniko vya chupa. Mzee Lee Byung-chul alifungua Samsung mwaka 1938 kama biashara ya samaki wakavu, mboga na tambi. Mashine ya kwanza ya kufulia ya Samsung ilikuja mwaka 1974.

LG ndiyo inayonifurahisha zaidi katika hili. Ilianza mwaka 1947 kwa jina la Lucky, ikiuza krimu za uso. Mwaka 1966 ikatoa sabuni ya unga ya kwanza ya Korea. Mwaka 1969, nyumba ileile, kwa jina la GoldStar, ikatoa mashine ya kufulia ya kwanza ya Korea. Ilikuuzia sabuni kwanza, ikakuuzia na mashine ya kuitumia.

Haier nao wana kisa chao. Mwaka 1985 mkurugenzi wao Zhang Ruimin alikuta friji 76 zenye kasoro kiwandani Qingdao, wakati ambapo friji moja ilikuwa mali kubwa sana kwa Mchina wa kawaida. Akaamuru wafanyakazi wazivunje kwa nyundo, wote wakitazama. Miaka kama 10 baadaye, wakulima wa Sichuan walilalamika kwamba mashine zao za kufulia zinaziba. Fundi alipofika akakuta wanaoshea viazi vitamu. Haier hawakuwagombeza, walipanua bomba la kutolea maji na kuuza mashine inayofua nguo na kuosha viazi. Naona hapo somo kubwa kuliko vyeti vyote vya ubora: walimwamini mkulima alipowaambia chombo anakitumia kwa kazi gani.

Nani aliyeibuni?

Vitabu vingi vinamtaja Alva Fisher wa kampuni ya Hurley, Chicago, kwa mashine ya umeme iliyoitwa Thor. Fisher alipata hati ya ubunifu tarehe 9 Agosti 1910. Lakini mashine za umeme zilikuwa zimekwisha kutangazwa magazetini kabla ya hati hiyo, kwa hiyo kumwita wa kwanza ni kuwadhulumu wengine. Hati ya kwanza ya Marekani ya chombo cha kufulia ni ya Nathaniel Briggs, mwaka 1797, nayo haisomeki tena: ofisi ya hati iliungua mwaka 1836 pamoja na michoro yote. Huko Ujerumani, mchungaji Jacob Christian Schäffer alikuwa ameshachapisha muundo wa mashine yake mwaka 1767.

Yuko mmoja ambaye jina lake lingestahili kuwa mlangoni na halipo popote. Ellen Eglin, mwanamke mweusi wa mji wa Washington, aliyeishi kwa kazi za nyumbani za watu, alibuni kikamulio cha nguo cha roli mbili. Mwaka 1888 akauza haki zake kwa wakala kwa dola 18. Alipoulizwa kwa nini aliuza rahisi hivyo, alieleza kwamba wanawake wa kizungu wasingenunua kikamulio wakijua kimebuniwa na mwanamke mweusi. Kikamulio kile kilimtajirisha mtu mwingine.

Je, wajua nani alikuwa mashine ya kufulia ya Élisabethville, Lubumbashi ya wakoloni?

Watu. Mtaa wa Kamalondo, uliojengwa miaka ya 1920 na kuitwa baadaye Commune Albert, ulikuwa makazi ya wafanyakazi walioingia kila asubuhi mji wa Wazungu kupika, kufagia, kufua na kunyoosha. Katika nyumba za wakoloni kazi ya kufua ilikuwa na mtu wake, mwanamume mara nyingi, aliyefua kwa mikono shuka, sare nyeupe na nguo za watoto wa watu, kisha akazinyoosha kwa pasi ya makaa.

Tuna bahati moja ambayo miji mingi ya Afrika haina. Mwaka 1965 wafanyakazi wa nyumbani wa zamani wa mji huu walijiandikia historia yao, kwa Kiswahili cha hapahapa, chini ya uandishi wa André Yav. Kijitabu chao kinaitwa Vocabulaire de ville de Élisabethville. Kilipigwa chapa kwa mashine ya kunakilishia, kikazunguka kwa watu wachache, hadi mtaalamu Johannes Fabian alipokichapisha upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri. Wanaeleza mji kama ulivyoonekana kutoka jikoni na uani. Ni aibu kwetu kwamba wanafunzi wa vyuo vya mbali wanakisoma zaidi ya vijana wa Lubumbashi. Kingepaswa kuwa katika kila shule ya Kamalondo.

Baada ya mabwana kuondoka, kazi ilibaki kwa mama zetu na dada zetu, wamepinda mgongo juu ya beseni. Nasema hivi kwa wale wanaodhani mashine ya kufulia ni fahari tu ya matajiri. Mwenye kujua uzito wa blanketi lililolowa hawezi kusema hivyo.

Shaba inatoka, shaba inarudi, au hairudi

Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba mwaka 2024, na sasa ni ya pili duniani baada ya Chile. Karibu yote inatoka Katanga. Sehemu ndogo inaturudia ndani ya mota za mashine, friji na pampu. Lakini angalia: kwa kuwa bei ya shaba ni kubwa, viwanda vingi vinazungushia mota za bei nafuu waya wa alumini, au alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini inapitisha umeme kiasi cha asilimia 60 ya shaba ya unene uleule, kwa hiyo waya lazima uwe mnene zaidi, la sivyo mota inapata moto. Mbaya zaidi kwetu, alumini haikubali kulehemiwa kirahisi. Fundi wa bobinaji anayefufua mota ya shaba iliyoungua mara nyingi huishia kuitupa ile ya alumini. Kwa hiyo mtu wa Katanga, aliyekaa juu ya shaba, anaweza kuuziwa mashine isiyo na shaba. Muulize muuzaji. Ana wajibu wa kujua.

Umeme, maji na sabuni

Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kutoa umeme mwaka 1930, kwa ajili ya viwanda vya Union Minière. Laini ndefu ya Inga hadi Kolwezi, kama kilomita 1,700, iliwashwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, nayo pia kwa ajili ya migodi. Nyumba za watu zilikuja nyuma, na delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, tunaijua sote. Kwa hiyo inafaa ujue kwamba kinachokula umeme katika mashine si kuzungusha nguo. Kuzungusha ni wati mia chache. Ni kipasha maji, ambacho peke yake huvuta kiasi cha wati 2,000. Ukichagua maji baridi, umeondoa sehemu kubwa ya gharama, na hata jenereta ndogo inaweza kubeba.

Wamarekani wa mashamba walikuwa na shida hiyohiyo, na Maytag aliwajibu: kuanzia miaka ya 1910 aliuza mashine yenye injini ndogo ya petroli, inayopigwa kwa mguu kama pikipiki. Moshi ulitolewa nje kwa bomba. Ilifua mahali ambapo nguzo ya umeme haijafika, na iliuzwa kwa miongo mingi. Siku zetu, Mwingereza Navjot Sawhney ameunda mashine ya kuzungusha kwa mkono, isiyohitaji umeme, ambayo imepelekwa kwenye kambi za wakimbizi Iraki. Ameiita Divya, jina la mama jirani aliyemfahamu India.

Maji nayo yana sheria yake. Mashine ya otomatiki ya mlango wa mbele hutumia kiasi cha lita 40 hadi 60 kwa kufua mara moja, chache kuliko watu wanavyodhani, ila inataka maji yenye msukumo. Tangi lililoinuliwa mita 10 linatoa msukumo wa bari 1. La mita 3 linatoa 0.3, na mashine nyingi hapo hukataa na kuonyesha alama ya kosa, mtu akadhani imekufa. Anayeteka kwa bido ni heri anunue ile ya beseni mbili, upande mmoja wa kufua na mwingine wa kukamua. Unamimina maji mwenyewe, huhitaji bomba, haina kipasha maji wala kompyuta ya kuungua umeme unaporudi kwa kishindo.

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imeundwa itoe povu jingi, kwa sababu mkono hupenda povu. Mashine ya mlango wa mbele hufua kwa kuinua nguo na kuziangusha, na povu linazuia zisianguke. Pia hupanda hadi kwenye sehemu za umeme. Tia kidogo sana, au tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya mashine.

Na sabuni yenyewe ina historia ya kwetu. William Lever, mwenye Sunlight, alipewa ardhi kubwa ya michikichi Kongo mwaka 1911, mwaka uleule wa shaba ya kwanza, na watu wakalazimishwa kuchuma ngazi kwa ajili ya sabuni iliyofua nguo za Uingereza. Mji wa Lusanga uliitwa Leverville kwa ajili yake. Kiwanda cha sabuni cha Kinshasa, Marsavco, kilikuwa cha Unilever hadi kiliponunuliwa na ukoo wa Rawji mwaka 2002.

Kabla hujatoa pesa

Usisome mlangoni. Mwambie muuzaji aigeuze mashine au afungue mlango, usome bamba dogo lililobandikwa nyuma au ukingoni. Hapo pameandikwa nchi iliyoiunda na volti. Kwetu ni volti 220 na hezi 50. Mashine ya mtumba kutoka Marekani ni ya volti 120 na hezi 60. Ya Japani ni ya volti 100. Transfoma itarekebisha volti lakini haitarekebisha hezi, na mota ya zamani itazunguka polepole na kupata moto. Kama ni Bosch au Siemens, tafuta herufi FD na namba nne baada yake. Chukua mbili za kwanza, jumlisha 20, utapata mwaka: FD 9805 ni 98 na 20, yaani 118; tarakimu mbili za mwisho, 18, ni mwaka 2018, mwezi wa 5. Muuzaji akikuambia mashine ni ya juzi, namba hiyo itasema kweli.

Kisha uliza swali moja ambalo jina zuri haliwezi kulijibu: mkanda, pampu na raba ya mlango vya mashine hii vinapatikana Lubumbashi, na kwa bei gani? Vikipatikana, nunua, hata kama jina hujawahi kulisikia. Visipopatikana, mwachie.